Pingamizi Dhidi ya Koplo Anayeamkia Kwanza

Mwl. Tajeu Lesikar (mstaafu),
Lemara,
Arusha.
Jumatatu, 3 Juni 2024

Bi. Hafidha Najim,
Mwenyekiti,
Kamati ya Mitihani ya Vyeo vya Usimamizi.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUPINGA MATOKEO YA MTIHANI WA VITENDO ULIOFANYIKA NGARAMTONI, HASA MATOKEO YA KOPLO SANKALE

Naandika nikiwa nimeegemea mito mitatu. Binti yangu Nashipae ameshikilia ubao chini ya karatasi, kwa sababu mkono wangu wa kushoto haushiki kitu tangu nilipoanguka mwezi Machi. Daktari ameniambia ukweli kwa upole na mchungaji amekuja mara mbili. Yaliyokuwa ya mchungaji nimekwisha kumpa mchungaji. Limebaki hili moja, na hili ni la kamati yako.

Kwa wajumbe wapya wasionifahamu: mimi ndiye niliyetunga na kusahihisha, kwa miaka kumi na minne, mtihani wa maandishi wa kumpandisha askari kutoka koplo kuwa sajenti. Sijawahi kuwa askari. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na niliombwa kazi hiyo kwa kuwa alitafutwa mtu asiye na ndugu kikosini. Ndugu sikuwa nao. Nilikuwa na mwongozo wa kusahihishia, na huo ulinitosha.

Mwaka huu mmejaribu mtihani wa vitendo, na nasikia Koplo Sankale amekuwa wa kwanza. Huyu ni mtu aliyefeli mtihani wangu mara tisa. Mwezi Desemba anastaafu, kwa hiyo hana mtihani mwingine mbele yake. Ijumaa hii kamati ikithibitisha matokeo, ataondoka kazini na tepe tatu begani. Ikikataa, ataondoka na zile mbili alizozivaa miaka ishirini na mmoja. Mmeniandikia kwamba wajumbe wamegawanyika nusu kwa nusu na kwamba mnasubiri maoni yangu. Maoni yangu ni kwamba mkatae, kwa sababu zifuatazo.

1. Mtihani wa vitendo unamwonyesha mtahiniwa uso. Katika mtihani wangu mtahiniwa ni namba. Namba haina jirani, haina sauti, haina mtu wa kuipungia mkono. Kule Ngaramtoni, kwa mujibu wa Inspekta Rodrick aliyesimamia zoezi, Sankale aliposhuka tu kwenye gari wauza viazi walianza kupiga makofi kabla hajafanya lolote. Mama mmoja anayeitwa Silantoi akapaza sauti kutoka kwenye meza yake ya ndizi, "Leo tena wanakupima, Sankale? Hawachoki tu?" Naye akamjibu kwamba wao hawajachoka, ila yeye ndiye anayezeeka. Soko zima likacheka. Nauliza: namba 0417 inaweza kuchekesha soko? Haiwezi. Huo ndio usawa ninaoutetea.

2. Koplo Sankale aliharibu swali. Naomba hili lisomwe polepole mbele ya wajumbe.

Zoezi lilikuwa kwamba wakazi wawili, Lesian na Sumari, waigize ugomvi wa kugombea mtamba mmoja, na kila mtahiniwa kati ya kumi na mmoja awakute wakigombana upya. Kosa lilianzia kwenye kamati. Hao mliowachagua ni mashemeji, na walikuwa wanagombana kweli, tena kwa ajili ya mtamba huyo huyo. Naambiwa mliwachagua kwa sababu siku ya majaribio waliigiza vizuri mno.

Watahiniwa watatu wa kwanza walifanya kama nilivyowafundisha kwa miaka mingi bila wao kuniona. Waliandika saa. Waliandika majina. Waliuliza majina yanaandikwaje, wakayaandika tena. Wa tatu alikuwa bado anaandika wakati mtamba alipojinasua kwenye kamba na kuanza safari kuelekea barabara ya Nairobi, lakini Inspekta Rodrick mwenyewe anakiri kwamba mwandiko ulikuwa safi.

Wa nne akawa Sankale. Kalamu hakuitoa. Alimwamkia Sumari aliye mkubwa wake, akasalimiana na Lesian, akauliza hali ya nyumbani. Sumari akasema nyumbani ni salama. Inspekta Rodrick alisikia hivyo, nami ningesikia hivyo, na mtu yeyote mwenye mwongozo angesikia hivyo. Sankale akasema, "Mzee wangu, salama hiyo imetoka kwa shida. Nani mgonjwa?" Ikajulikana kwamba Maria, mke wa Sumari, amelazwa hospitali wiki ya tatu sasa, na kwamba Lesian, ambaye ni kaka yake wa tumbo moja, hajakanyaga huko hata siku moja. Hasira za mtamba zilikuwa hizo. Baada ya dakika kumi na moja Lesian alikuwa anatafuta pikipiki ya kwenda kumwona dada yake, na Sumari alikuwa anamvalisha koti lake mwenyewe kwa sababu ya baridi ya njiani.

Ndugu Mwenyekiti, walikuwa wamebaki watahiniwa saba, na ugomvi ulikuwa umekwisha! Inspekta Rodrick aliwasihi wale mashemeji warudie walau kidogo, kwa ajili ya mtihani. Lesian, mguu mmoja ukiwa tayari juu ya pikipiki, akamwambia, "Afande, nigombane na shemeji yangu kwa faida ya nani?" Ikabidi watahiniwa saba waulizwe wangefanya nini kama pangekuwa na watu wanaogombana. Shuleni kwangu, mtoto aliyefuta swali ubaoni kabla wenzake hawajalinakili alipiga magoti mpaka kengele ya mapumziko. Huyu wenu amepewa alama tisini na mbili. Tena kwenye fomu, pale palipo na nafasi ya kujaza idadi ya waliokamatwa, Inspekta ameandika "hakuna", bila haya.

3. Kuamkia ni kupoteza muda wa umma. Hapa ndipo penye kiini cha kesi yangu, yaani swali la 14, lenye alama nne. Linasema hivi: "Wewe ni msimamizi wa zamu. Unamkuta mtu mzima amekaa mahali asipopaswa kukaa, na haelezi sababu. Hatua yako ya kwanza ni ipi?" Jibu katika mwongozo ni: "Kuandika saa." Kwa miaka tisa Koplo Sankale ameandika neno moja: "Namwamkia."

Namba yake ilibadilika kila mwaka, lakini jibu halikubadilika, mwishowe nikawa namjua kwa jibu lake kama mtu anavyojulikana kwa kikohozi. Kwa mtu anayesifu usiri kama mimi, hilo ni kosa, na naliungama hapa. Mwaka wa tano aliongeza sentensi ya pili: "Kwa maana namna mtu anavyoitikia ndiyo taarifa ya kwanza." Nikaandika pembeni, kwa wino mwekundu, "Porojo", nikampa sifuri.

Nimefanya hesabu. Kumwamkia mzee wa huku kwetu kikamilifu, pamoja na kuuliza watoto, mifugo, mvua na ule mguu uliokuwa unauma, ni dakika nne. Askari akiamkia wazee kumi na watano kwa siku amekula saa nzima ya lindo. Kuandika saa kunachukua sekunde tatu, tena mwenye saa ya mkononi hana haja hata ya kuinama.

Alama za Koplo huyu zilikuwa arobaini na nane, arobaini na saba, arobaini na tisa, na kadhalika. Hakuwahi kushuka chini ya arobaini na sita. Kiwango cha kufaulu ni hamsini. Sikukiweka mimi.

4. Mtihani wangu ulimtendea kila mtu sawasawa, na ushahidi ninao. Mtihani ule sikuuanza kwenye karatasi tupu. Niliutoa kwenye jaribio nililowahi kuwatungia makarani wa posta, nikafuta neno "karani" na kuweka neno "askari". Katika swali la 22 nilisahau, likabaki linauliza namna bora ya kuhifadhi stempu wakati wa masika. Kwa miaka kumi na minne hakuna mtahiniwa aliyenyoosha mkono kuuliza. Wote waliokariri majibu ya waliowatangulia waliandika, "Mahali pakavu, mbali na ukuta," wakapata alama zao. Leo tuna masajenti zaidi ya sitini wanaoweza kutunza stempu kuliko mtu yeyote kati ya hapa na Mlima Meru. Mtu mmoja tu alileta usumbufu. Sankale aliandika, "Hili naona si letu, ila mke wangu huhifadhi mahindi hivi," akaeleza kwa mistari sita. Nilimpa nusu, na mahindi yangu tangu mwaka ule hayajaingia fukusi. Lakini tusichanganye mambo.

5. Koplo Sankale hajui kufeli. Geti langu liko njiani anapotoka lindo kurudi kwake Terrat. Kila asubuhi anasimama na kuniamkia. Asubuhi za matokeo pia. Mtu aliyefeli ana wajibu wa kukasirika, au angalau kubadilisha njia. Huyu anauliza presha yangu inaendaje, ananisogezea kiti kwenye jua, anaondoka. Mtunzi wa mitihani anastahili kuchukiwa kiasi. Ni sehemu ya heshima ya kazi. Kwa miaka tisa mtu huyu ameninyima heshima hiyo, na kamati haijawahi kumwonya.

6. Naogopa yatakayofuata. Tukikubali kwamba askari awe sajenti kwa sababu anaiweza kazi ya usajenti, hatutajua pa kusimama. Kesho atatokea dereva apewe leseni kwa sababu anaendesha vizuri. Keshokutwa usharika utamtaka mzee wa kanisa kwa sababu anasali. Watu watauliza na sisi watunzi tunaweza nini. Tayari watu wa Ngaramtoni wanamwita Sankale "Sajenti" bila idhini ya mtu yeyote, na wakipata shida wanampigia yeye simu kwanza, halafu kituo, kama salio bado lipo.

Kwa hayo yote, naiomba kamati yako tukufu iamue ifuatavyo:

(a) Alama tisini na mbili za Koplo Sankale zifutwe, na jina lake lirudishwe kuwa namba.

(b) Lesian na Sumari waandikiwe hati ya wito, waje kugombana upya mbele ya watahiniwa saba waliodhulumiwa. Maria akishapona, atakiwe kukaa mbali na eneo la mtihani.

(c) Kuanzia sasa, wakazi wanaotarajia kugombana wapeleke taarifa ofisini kwako wiki tatu kabla, wakieleza chanzo halisi cha ugomvi, ili mwongozo wa kusahihishia uandaliwe mapema na jibu lisiwe la kushtukiza.

(d) Askari yeyote mwenye cheo cha usimamizi akatazwe kumwamkia mwananchi kabla saa haijaandikwa. Ikithibitika kwamba mwananchi ndiye aliyeamkia kwanza, askari aitikie kwa kifupi na asisikilize sana.

Najua haya yataonekana makali kutoka kwa mtu ambaye huenda masika ijayo isimkute. Ndiyo maana nayasema sasa. Nimeishi miaka themanini na minne nikiamini kwamba haki ni kila mtu kupimwa kwa rula moja, na sipendi kuondoka nikiwa nimeiacha rula mikononi mwa wauza ndizi.

Nisalimie wajumbe wote, wa upande huu na wa upande ule. Msalimie mama anayewapikia chai ofisini, ambaye nasikia goti lake bado linauma. Msalimie na Inspekta Rodrick, ingawa kwa sasa simtaki. Nawaombea kikao kifupi na chenye akili.

Wako anayewaachia kazi,

Mwl. Tajeu Lesikar

NYONGEZA: Nashipae ameisoma barua yote na ameiweka juu ya meza. Chai yangu ya saa nne haijaja na sasa ni saa sita. Alichosema ni hiki tu: "Baba, umeiruka siku ya Machi." Ni kweli, nimeiruka. Nguvu za kuandika upya kurasa zote sina, kwa hiyo naiandika hapa chini, na naomba hapa chini pahesabiwe zaidi kuliko kule juu.

Jumamosi ile asubuhi nilitoka kufungua geti, nikajikuta nimekaa chini kando ya mtaro. Nilikuwa mtu mzima aliyekaa mahali asipopaswa kukaa, na sababu sikuweza kuieleza. Wakapita masajenti wawili, wote wamefaulu kwangu kwa alama za juu. Mmoja akaandika saa: saa moja na dakika arobaini. Wa pili akaniuliza majina yangu matatu na kitambulisho. Kwa mwongozo wangu walistahili alama nne kwa nne. Kisha wakakubaliana kwamba mzee amelewa, wakaandika na hilo.

Sankale akafika akitoka lindo. Akachuchumaa mbele yangu, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia. Akawageukia wale wawili: "Huyu hajalewa. Namwamkia kila siku ya Mungu, na leo marahaba yake imepinda. Simamisheni gari!" Daktari anasema ningechelewa nusu saa tu, mambo ya kuandika pingamizi yasingekuwepo.

Wiki iliyopita nilimwuliza kama anajua ni nani aliyekuwa anamfelisha. Akasema anajua tangu alipokata rufaa mwaka ule wa tano, wakamwonyesha karatasi yake. Ile "Porojo" ya wino mwekundu aliitambua palepale, kwa sababu mwandiko huo aliuzoea ubaoni tangu darasa la nne. Nilimfundisha mimi, Bi. Hafidha. Sikumkumbuka, walikuwa wengi. Nikamwuliza kwa nini basi hakuandika tu "saa", apande cheo, tuyamalize. Akacheka sana, mpaka akashika ukingo wa kitanda. "Wewe si ulikuwa unasimama mlangoni asubuhi, Mwalimu, tunakuamkia mmoja mmoja? Nikisema shikamoo tu, unajua nimekuja bila kula, unanipeleka jikoni kwako kwa mama. Sasa nikuandikie wewe mwenyewe kwamba siyo hivyo?"

Kwa hiyo naungama. Jibu la swali la 14 halikutoka kwenye kanuni yoyote ya polisi. Nililitunga mchana mmoja kuhusu mteja wa posta aliyekaa nyuma ya kaunta, nikalisahau humo kama nilivyozisahau stempu. Na nilipomjua mtu kwa jibu lake, sikujiuliza hata mara moja kwa nini mtu mwenye akili analirudia jibu lile lile miaka tisa.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi zake zote tisa, ambazo nilitakiwa kuzichoma na sikuzichoma. Nimezisahihisha upya kwa wino mweusi. Nimempa zile alama nne kila mwaka, na ile ya mahindi nimeikamilisha. Amefaulu mara tisa. Hii ya Ngaramtoni ni ya kumi.

Pingamizi langu nimelifuta, na maoni yangu myahesabu kuwa ndiyo. Nawasihi msiahirishe kikao, hata kwa sababu ya msiba wangu. Jumamosi asubuhi Sankale atapita kuniamkia kama kawaida yake, na nataka nimwitikie, "Marahaba, Sajenti," hata kama itatoka imepinda. Yeye ataisikia.

T.L.